Safu ya Sababu

Mwaka ule maghala ya jeshi yalipofunguka
hakuna aliyeuliza ufunguo anao nani.
Upatu ulikwisha kumeza mbuzi, nyumba, akiba za harusi,
na pesa za vijana waliokuwa wakichuma machungwa Ugiriki.
Tirana ilikuwa imelala mchana, mdomo wazi.
Tukapanda kilima na punda, na toroli za saruji,
tukashuka na bunduki
kama watu waliotoka kuvuna viazi.
Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu.
Nilichukua moja, na masanduku mawili ya risasi.

Leo nimekaa katika ukumbi wa mazoezi wa shule,
meza chini ya kitanzi cha kikapu kisicho na wavu,
daftari la kijani, kalamu mbili za manispaa.
Jina. Aina ya silaha. Namba. Hali.
Hakuna safu ya sababu,
na watu hunipa sababu kabla ya kunipa bunduki.

Bardhyl wa kinu cha zeituni
hakuja kusalimisha, amekuja kubishana.
"Mwalimu, haki yangu usiiandike kwa penseli.
Usiku ule walipokuja watu wenye soksi usoni
kuichukua trekta, ningemwita nani?
Polisi walikuwa wameuza hata kofia.
Chuma hiki ndicho kilichozungumza nao.
Anayeniahidi ulinzi
aanze kwa kuwepo."
Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.
Nikampa kiti. Akakaa, bunduki magotini,
akaniuliza kama bado nafundisha kugawanya.

Ndipo akaingia Nazmije, taratibu, kwa ajili ya nyonga.
Kitu chake amekifunga kwa blanketi la mtoto,
la rangi ya maziwa, lenye bata pembeni.
Akakifungua. Kikang'aa.
Nikaandika: hali, nzuri sana.
"Ya marehemu mume wangu," akasema.
"Naipaka mafuta kila Ijumaa, miaka saba sasa.
Nilitaka ibaki vile vile,
siku akija mtu anayejua kuzisoma
aniambie kama ni hii."

Hakuna mtu mjini asiyeijua harusi ile.
Wanaume kumi na wawili uani, mikono juu,
wakimshangilia bibi arusi kwa moto.
Kilichorushwa mbinguni hakikupokelewa;
kilirudi.
Besmir, mjukuu wake, miaka sita,
alikuwa barazani akivunja jozi kwa jiwe.
Kumi na wawili walifyatua.
Kumi na wawili tulibeba jeneza,
na lilikuwa jepesi mno kwa mabega yote yale,
tukawa tunapishana, kila mtu akitafuta mahali pa kushika.

Nimesema tulibeba.

Ukumbi ukanyamaza. Nje mtu alikuwa akiparua chuma.
Bardhyl akaigeuza bunduki yake, akaisoma namba
kwa sauti, tarakimu moja moja, kama mtoto ubaoni.
"Iandike," akasema. "Naondoka nayo,
sitakudanganya, trekta bado ninayo.
Lakini andika namba yake na jina langu, kwa wino.
Siku ikikosea
msije mkamtafuta mtu katikati ya watu kumi na wawili."
Nikamwambia hii siyo fomu ya leseni.
"Basi itafute hiyo fomu," akasema. "Nitangoja."
Akangoja kweli. Alikula mkate wake palepale.

Nazmije hakuondoka.
Alikuwa amelikunja blanketi mara nne,
ameliweka kifuani,
macho yake kwenye ukurasa wangu.
"Mwalimu, mstari wa kwanza mbona mtupu?
Namba moja ni ya nani?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nimekaa na usufi huo wiki tatu,
nikipokea, nikipima, nikipiga mhuri.
Ya kwangu iko chini ya mbao za jikoni,
upande wa jiko, ambako hakuna unyevu.

Nikachukua kalamu.
Jina nililiandika bila shida.
Aina pia.
Namba siikumbuki, nikamwambia, nipe nusu saa,
nyumbani si mbali.
Akavuta kiti cha Bardhyl kilichokuwa wazi sasa,
akakaa, akatazama saa ya ukutani
ambayo, tangu mwaka ule, haitembei.