Mbuzi Abaki

Ramani tumeichora nyuma ya kalenda ya duka la saruji,
miezi yote imelala kifudifudi mezani.
Hapa Mabawa, mlangoni petu.
Hapa Pongwe, nukta ya kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia.
Kisha twaiacha lami, twaingia njia za mkonge
alizozipita baba yake Hiza miaka ishirini na miwili,
panga kwenye fremu, chai ya rangi kwenye chupa ya soda.
Kisha Muheza. Kisha Kisiwani. Kisha Zigi,
na baada ya Zigi Hiza kachora mshale unaopanda,
ukapanda, ukatoka nje ya karatasi
ukaingia kwenye kitambaa cha meza.
"Amani," anasema. "Hapo ni kusukuma tu."
Kitambaa changu. Wino haukutoka.

Waja leo waondoka leo, ndivyo mji wetu unavyotaniwa.
Sisi wenyeji twaondoka Ijumaa, shule zikifungwa,
twarudi Jumanne, tyubu zikikubali.

Hiza anahesabu kwa kilomita.
Mimi nahesabu kwa kibofu cha Kaniki,
mwenye miaka minne na keria yenye mto wa sufi,
anayetaka kushuka kila penye kichuguu.
Kwa siku ya kwanza Hiza kaandika arobaini.
Nimekata, nimeandika kumi na nane.
Kaniki kakohoa chumbani.
Nimeandika kumi na tano.

Mwanakombo miguu imemrefuka tangu Ramadhani,
magoti yanagonga usukani.
Tukampeleka kwa fundi Semhando, Barabara ya Kumi na Tatu.
Fundi akalegeza nati, akavuta siti juu,
na bomba likatoka na sehemu tusiyowahi kuiona,
iliyojificha ndani ya fremu miaka yote hii,
inang'aa kama siku ya dukani.
Mwanakombo akaigusa kwa kidole.
"Imebaki kiasi gani ndani?"
Fundi akasema, "Ya kutosha mpaka uolewe."
Akanuna njia nzima.

Mama mkwe kauliza mara moja tu:
"Kitanda mnacho, chandarua mnacho. Mnakimbia nini?"
Hatukuwa na jibu la kumpa mtu mzima.
Kesho yake akaleta kopo la achari,
akauliza litafungwa wapi lisimwagike.

Hema ni la skauti wa shuleni kwangu,
linanuka stoo, lina vigingi tisa, vitatu sijui viko wapi.
Mwalimu mkuu wa Kisiwani kakubali tulale uwanjani,
nyuma ya goli, mradi tusiwashe moto karibu na nyasi.
Viraka kumi. Solusheni. Pampu.
Kamba ya mpira. Unga, dagaa, chumvi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Panadoli. Tochi mbili, moja inawaka ukiipiga.

Jana jioni tukajaribu mzigo.
Tukafunga, tukakaza, tukarudi nyuma kutazama,
na baiskeli ya Hiza ikainua tairi la mbele
kama beberu aliyechokozwa.
Basi tukaanza kutoa.
Sufuria la pili. Mto wangu. Kiatu cha akiba.
Hiza akatoa redio bila kuniangalia.
Bado. Nikaangalia kilichobaki,
nikasema, "Mbuzi abaki."

Mbuzi ya nazi, ya marehemu mama,
mguu mmoja umeungwa kwa waya.
Nani atakuna nazi msituni?
Kaniki alisikia. Hakulia. Akatoka uani.

Asubuhi nimemkuta mbuzi pembeni ya jiko,
meno yake ya chuma yameelekea ukutani,
mbele yake kikombe cha kahawa kimejaa maji
na majani mabichi, yamepangwa mafungu mafungu.
Nikahesabu kwa mguu, bila kuyagusa.
Sita.
Nikahesabu tena, nikianzia upande wa pili.

Nikaichukua kalamu nyekundu,
nikafuta Jumanne, nikaandika Jumatano.
Hiza aliona.
Alikuwa anapuliza solusheni ikauke,
akaendelea kupuliza.