Zamu ya Upatu

Brooks, Alberta. Januari. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
gari nimelichomeka kwenye umeme kama simu,
nami nimelala kifudifudi juu ya kigodoro cha buluu
katika chumba kilicho juu ya ukumbi
ambamo wazee husukuma mawe kwenye barafu.
Soksi yangu ya kushoto ina tundu. Nimeificha chini ya mwenzake.

Darlene Hrynchuk, dereva mstaafu wa basi la shule,
ana mabakuli saba ya shaba na kitambaa cha kulifuta kila moja.
Aliandika jina langu, Mwavita, akataka maana yake.
Nikamwambia nilizaliwa vitani. Akaandika na hilo.
Una kifafa? Una mimba? Una chuma mwilini?
Chuma ninacho mkononi, nikasema, siku sita kwa juma.
Hakucheka. Aliandika.

(Kisu, nilimaanisha. Kiwanda cha nyama, mkanda wa pili.
Alfajiri mkono wa kulia hukataa kufunguka
kama mlango uliovimba kwa mvua,
naufungua kidole kimoja kimoja kwa maji ya moto.
Na sikio, jamani. Mkanda huzimwa saa tisa u nusu
lakini sikioni hauzimwi. Nalala nao. Nasali nao.
Bahizi akiniita jikoni, nasikia mnyororo.)

Nilikuja kwa sababu bima inalipa nusu,
na kwa sababu sikio la kufa halisikii dawa,
nikataka kujua: na mgongo je?

Akaliweka lile kubwa katikati ya mabega.
Ubaridi ukapenya fulana. Uzito wa kichanga aliyeshiba.
Akaligonga.

Niseme kweli, mlio sikuusikia.
Nilisikia mbavu.
Nilisikia maji niliyokunywa mchana yakisimama kusikiliza,
kisha duara,
kisha duara ndani ya duara,
likishuka hadi kifundoni, hadi kwenye kile kidole cha soksi,
likirudi na habari.

Debe tupu haliachi kuvuma, alitukemea mwalimu wa kambini
tulipopiga kelele, watoto tisini chini ya turubai moja.
Hakutuambia utupu ukibishwa kwa adabu
huvuma namna hii.

Nikalala. Darlene anasema nilikoroma; namwamini.
Nilipozinduka mnyororo ulikuwepo bado,
ila mbali, kama treni ya nafaka inayopita nyuma ya mji
na haina abiria wangu.

Namlipa. Namuuliza, nawe hupigiwa na nani?
Anaangalia dirisha lililoganda.
Mimi? Mwaka wa tisa huu nawapigia watu.

Sasa, upatu ni sahani ya shaba, hupigwa ngomani.
Na upatu, tulijifunza kule Nyarugusu,
ni fedha ya wanawake wanaoaminiana:
hapa tuko kumi na wawili, dola mia kila mwezi,
Nabintu, Mama Sifa, yule Msomali wa zamu ya usiku,
zote anapewa mmoja, mwezi ujao mwingine.
Jinsi vitu viwili hivi vilivyopata jina moja, sijui.
Kiingereza changu hakikutosha kumweleza.
Nikamwonyesha kigodoro. Nikasema: zamu yako.

Akavua miwani. Akalala.
Mgongo wake mdogo kuliko nilivyodhani,
umepinda kidogo upande wa mlango wa basi.

Mkono wangu wa kisu ukashika kile kipigio laini.
Uliogopa. Umezoea kutenganisha.
Nikagonga kwa nguvu mno, akashtuka, tukacheka;
nikagonga tena, polepole,
kama unavyobisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

Chini yetu mzee mmoja alilisukuma jiwe lake,
likaenda mbali likinguruma juu ya barafu,
nasi wawili tukatulia
tusikie litagonga nini.