Lebo Iliyofutika

Kazi yangu ni kusoma mita za maji,
Igogo hadi Mabatini, mlango kwa mlango,
napanda majabali nikihesabu lita za watu.
Nikirudi nyumbani Isamilo
nakuta mmea usiogusa maji ya bomba hata tone.
Yana chumvi. Yana chokaa. Yana dawa.
Unataka ya mbingu tu.

Basi mke wangu Kabula ana beseni mbili za kufulia
na mimi ninazo saba za kukingia mvua,
na ikianza kunguruma upande wa Ukerewe
nakimbia nazo uani kama mtu aliyesikia mwizi.

Makao yake ni sanduku jeupe la minofu ya sangara,
nilipewa mlangoni mwa kiwanda, limepasuka kona.
Wiki tatu nililisugua kwa ndimu.
Nikatia makumbi ya nazi yaliyokuja na basi la Tanga,
mkaa wa kupondwa, changarawe ya jabali letu wenyewe,
juu nikatandaza chandarua kikuukuu.
Jirani akauliza: ni dawa ya nini?
Si dawa.
Sasa unazaa nini?
Hauzai cha kuliwa. Unakula.
Akavuta kiti.

Mbegu alinipa Sista Verdiana, aliporudi kutoka Bukini,
ndani ya bahasha ya vidonge: nyuzi, si mbegu,
ukipumua tu zinaondoka.
Jina aliliandika kwa penseli kwenye kijiti.
Nikakichomeka kando ya miche mitatu,
na unyevu ukaila penseli herufi kwa herufi
hadi ikabaki m. Au n.
Miche miwili ikafa na siri yake.
Sista akahamishiwa Rulenge, na huko wakamzika.

Miaka minne nimeichungulia mitungi yake
kwa lenzi iliyong'olewa kwenye darubini mbovu ya shule.
Naandika kwenye daftari la kazi, kurasa za nyuma:
mdomo, mbavu nyembamba, zimepangana kama meno ya kitana;
mabawa mawili kifuani, yana nywele;
kifuniko cha mviringo, chini yake vitone vya utamu;
nyuma ya kifuniko mwiba, mmoja, haukugawanyika.
Nikasema, ni huu. Umepatikana.
Nikaoga, nikavaa shati la Jumapili,
nikaandika jina kwa wino usiofutika.

Mwezi uliofuata ukaanza kupanda.
Ukajikunja kwenye waya wa kuanikia,
na mtungi wa kwanza wa juu
haukufanana na ndugu zake wa chini hata kidogo:
hauna mabawa, mwembamba, shingo kama ya birika,
umenigeuzia kisogo mimi niliyeulea.
Nikarudia mbavu, nikarudia kikonyo cha jani.
Chotara, labda. Inzi wa Bukini
wakibeba chavua hawaulizi ukoo.
Nikafuta lebo kwa spiriti.
Wino usiofutika ulifutika.

Jana mwezi uliandama, usubi ukainuka ziwani
nguzo kwa nguzo, kama moshi wa mji unaoungua,
ukapanda mlimani, ukaingia kwenye taa,
kwenye sufuria, kwenye masikio ya mbuzi.
Kabula alifunga madirisha akinisema.
Mimi nikatoka na tochi.

Ulikuwa unatua mdomoni, unalamba,
unapiga hatua moja ya ziada.
Mtungi hautafuni. Hauna haraka.
Nikajikuta nahesabu, kazi ni kazi:
mia tatu na tisa, mia tatu na kumi,
bili ambayo hakuna atakayeipinga.

Kabula akaja nyuma yangu, kanga usoni,
na mara ya kwanza tangu sanduku liingie hapa
akauliza: huu unaitwaje?
Nikasema sijui.
Akaninyang'anya tochi, akainama,
akamulika nyuma ya kifuniko, kimya, muda mrefu,
usubi ukimtua kwenye nyusi.

Huu mwiba, akasema,
mbona una ncha mbili?