Kinyota Katika Jedwali

Ghorofa ya tatu, mjini Lincoln, dirisha halifunguki.
Kazi yangu ni kusajili saratani.
Sitibu. Naandika tarehe, kiungo, hatua, umri,
na mahali mtu alipokuwa akiishi
siku daktari alipoutaja ugonjwa.

Kisha twagawanya kwa watu laki moja,
kaunti kubwa na ndogo zipimwe kwa kibaba kimoja,
na kila Desemba Teodora huipaka ramani rangi.
Miji hutoka myekundu.
Mashamba ya magharibi hubaki meupe kama unga,
na mgeni akichungulia begani husema,
"Heri kule. Hewa safi."

Kule ni kwetu. Kaunti ya Vrana, Nebraska,
watu mia saba na kumi na wawili,
ng'ombe sijui wangapi.
Mashine ya kupiga picha matiti huja na lori,
Alhamisi moja kila miezi mitatu,
theluji ikiruhusu.
Mama aliikosa mara mbili:
mara ya kwanza ndama alitanguliza miguu ya nyuma
na hapakuwa na mwingine wa kumvuta;
mara ya pili dereva aligeuzia njiani.
Mara ya tatu ilipofika
alikwisha kuligusa mwenyewe, akioga.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Mama hakuficha kitu.
Hakuna aliyekuja kuangalia.

Iko ramani nyingine, ya vifo,
tunaiweka droo ya chini.
Katika ile, wekundu ni sisi.

Na kaunti yenye visa chini ya sita
hairuhusiwi kutajiwa hesabu,
watu wasije wakatambulikana.
Panawekwa kinyota.
Mwaka huu kinyota cha Vrana ni Ardith Hruska wa ghala la mbegu,
ni Lumir, aliyepuliza dawa ya magugu miaka thelathini
na leso yake mfukoni,
ni mapacha wa Zelenka, mmoja ini, mmoja damu,
ni mwalimu aliyenifundisha kujumlisha.
Siri! Kana kwamba Vrana kuna asiyejua
nani sasa anavaa kofia kanisani.

Jumanne faili likatua mezani pangu.
Mwanamume, miaka sitini na tisa, pafu la kulia.
Anwani: Omaha, ghorofa ya tisa.
Jina: la baba yangu.

Kikohozi nilikijua. Tulikiita vumbi la mahindi.
Dada yangu Marlys ndiye aliyemchukua,
akamlaza kwenye kochi lake wiki kumi na moja,
akajaza fomu kwa anwani yake
ili barua za bima zisipotee.
Hivyo Baba akawa mtu wa mjini,
yeye anayeuliza lifti kama imekula.
Maji ya kisima chetu, chumba cha chini alikolala kiangazi
juu ya udongo unaopumua gesi isiyo na harufu,
vyote vikahesabiwa Omaha.

Faili la ndugu, kanuni yasema, mpe mwenzako.
Nilimpa Teodora.
Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata,
kisha nikasema, "Muulize Marlys
koti lake la kazi limetundikwa wapi."

Akapiga simu. Akasikiliza sana.
Akafuta Omaha.

Watano wakawa sita. Kinyota kikatoka,
na mahali pake ikasimama namba,
mia nane arobaini na mbili nukta saba kwa laki,
na kile kipande cheupe magharibi
kikaiva ghafla kama shavu lililopigwa kofi.

Mtakwimu alipita na kahawa yake, akatikisa kichwa.
"Usiiamini hiyo. Idadi ndogo mno."

Ni kweli, nilimwambia. Ndogo mno.
Jumamosi ninaendesha kilomita mia nne kwenda kuiona.
Imeomba niiletee tumbaku ya kutafuna,
nami sijui nitaikatalia vipi.