Kamba ya Mwanamvua

Visima kumi na kimoja, nimekabidhiwa namba zake,
K-1 hadi K-11, vyote vimelizunguka shimo la mawe ya saruji,
mwendo wa baiskeli kutoka Pongwe.
Watu wa Kwandongo hawazijui namba.
Wao wana Kisima cha Kadhi, Kisima cha Talaka,
Kisima cha Punda, na kile cha uani kwa Mwanamvua
ambacho kwenye daftari langu ni K-7.

Kanuni ni moja: fika kabla ndoo haijashuka,
upime maji yakiwa yametulia.
Napaka chaki ncha ya utepe,
nashusha polepole, nasikiliza, napandisha.
Pale ulowevu ulipokoma ndipo kisima kilipo leo.
Mita tisa na sentimita arubaini.
Naandika. Napangusa vidole kwenye suruali.

Shimoni pampu hazilali.
Zinayavuta maji yasiwafikie wachimbaji,
zinayatema bondeni, yanakwenda zake mikokoni,
maji matamu, hayakuogwa na mtu, hayakupikiwa wali.
Malori ya makaa yanapita kwenda kulisha tanuri.
Kisamvu cha kando ya njia sasa huoshwa mara tatu,
na maji ndiyo hayo.

"Wewe kijana wa utepe," akaniita siku ile,
"hicho kidaftari chako kimeanza lini?"
Mwaka juzi, mama, mwezi wa tatu.
Akacheka kwa pua.
Akaitupa kamba yake miguuni pangu.

Kamba ile.
Mwanzo wake katani, kaisokota marehemu mumewe
alipokuwa kibarua wa mkonge: pima tatu kamili.
Fundo. Nailoni ya buluu, pima moja.
"Hii mwaka waliolipua mara ya kwanza,
vikombe vikadondoka kabatini."
Fundo. Waya wa simu, pima moja.
"Hii pampu ya pili."
Fundo bichi, halafu nusu pima ya kanga iliyosokotwa,
maneno yake yameliwa na mikono,
zimebaki herufi tano: USISE

Nikaipima. Nilitumwa nipime maji,
nikapima kamba, fundo kwa fundo, nimechuchumaa,
yeye kashika upande wa pili
kama watu wanaokunja shuka.

Wiki tatu baadaye K-7 kikapanda.
Sentimita kumi na nane! Nikarudia mara mbili.
Ofisini Bwana Semhando alifurahi, akaniagizia soda.
"Si unaona? Ardhi inajijaza yenyewe."
Baada ya siku saba, kimeshuka.
Siku saba nyingine, kimepanda.
Nikatia nukta kwenye karatasi ya miraba,
nikaziunga, nikaona mgongo na bonde, mgongo na bonde,
nikaenda kuuliza tarehe ya mwezi mwandamo.

Bamvua, kinapanda.
Maji mafu, kinashuka.
Kisima cha uani, ambacho ukisimama juu ya ukuta wake
huioni bahari wala huisikii,
kimeanza kwenda na mwezi.

Mwanamvua hakuhitaji nukta.
Alinimiminia chai, akakaa kunitazama ninavyomeza.
"Sukari nimetia vijiko vitatu," akasema.
"Sema wewe, chumvi katia nani?"

Sikusema. Nilimaliza kikombe,
maana kukiacha kungekuwa jibu.

Fomu ina safu ya tarehe, safu ya kina,
na pembeni kabisa safu ya Maelezo,
upana wake kidole gumba.
Nimeandika humo: katani tatu, buluu moja,
waya moja, kanga nusu.
Herufi nimezibana mpaka zimepandana.
Chai imebaki nje.