Alhamisi Ndani ya Mashine

Saa sita kasoro usiku ninaamka bila kengele.
Naisikiliza seva kama asikilizavyo mtu
chungu cha maharagwe, kisije kikakauka maji.
Umeme umekatika Himbi. Jenereta inakohoa uani,
inanuka mazuti, inadai lita tano nyingine.
Kwenye kioo, mstari wa kijani: asilimia arobaini,
arobaini na moja.
Usiharakishe, nauambia. Usisimame pia.

Mkurugenzi Balume aliwahi kuniuliza, kwa upole,
"Kwani nakala moja haitoshi?"
Nikafungua dirisha, nikanyamaza.
Mlima ulikuwa umevaa moshi wake wa asubuhi,
na ukuta wetu umejengwa kwa mawe meusi,
mawe yaliyowahi kuwa moto,
yaliyowahi kumeza ofisi na madaftari yake.
"Ngapi basi?"
Tatu. Moja hapa, ya kushikwashikwa.
Moja kabatini, mbali na waya wowote,
maana wezi wa siku hizi hawavunji mlango:
wanaufunga mlango wako
na kukuuzia ufunguo.
Na moja iende Bukavu.

Kwa hiyo kila Alhamisi tepu inapanda boti,
imefungwa kwenye nailoni, imebanwa
kati ya vitunguu na jibini ya Masisi.
Hakuna abiria anayejua kwamba akiba ya watu elfu kumi na moja
inavuka ziwa miguuni pake,
nyepesi kuliko kipande cha sabuni.
Jioni Nzigire ananiandikia neno moja tu: Imelala.

Sasa niseme lisiloandikwa kwenye ripoti.
Kwetu kuna mazuku, hewa inayotambaa mabondeni,
haina rangi, haina kelele.
Mbuzi anainamisha kichwa ale,
hakiinui tena.
Nakala pia zina mazuku.
Miezi minne mashine iliniambia: imefaulu, imefaulu,
nami nikanywa chai nikaamini.
Siku nilipojaribu kurudisha faili moja,
ya mama Kavugho anayeuza unga soko la Virunga,
nikakuta jina lipo, tarehe zipo,
na kwenye safu ya pesa, sufuri, sufuri, sufuri,
kama macho ya samaki kwenye beseni.
Nilikaa sakafuni hadi mlinzi akaja kuuliza kama naumwa.

Tangu hapo sihesabu nilichohifadhi.
Nahesabu nilichorudisha.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Ardhi ilitikisika
mpaka vikombe vikachoka kulia.
Kabati la seva likalala kifudifudi kama mlevi,
diski zikakwaruza, zikanyamaza.
Watu walibeba magodoro, masufuria, bibi zao.
Mimi nilibeba stakabadhi za Ijumaa kwenye mfuko wa mchele
na nywila tatu kichwani.

Bukavu, Nyawera, mezani pa Nzigire,
tepu ilizunguka usiku kucha.
Alfajiri akaunti zikaanza kurudi, moja moja, zikisinzia.
Mama Kavugho: ipo, na senti zake.
Fundi cherehani wa Majengo: ipo.
Nje ilikuwa Jumapili, kengele za kanisa zikigongana.
Ndani ya mashine ilikuwa bado Alhamisi.

Na katika Alhamisi hiyo baba yangu alikuwa na salio,
dola sitini na mbili.
Akaunti hai. Sahihi yake, ile herufi ya kwanza iliyovimba.
Mimi mwenyewe niliifunga Ijumaa,
kwa cheti cha kifo na muhuri,
nikatoka mapema siku hiyo.
Sasa hapa hakuna aliyemwambia.

"Kuna hitilafu?" akauliza Nzigire.
Nikasema hapana, data ni safi.
Nikaufungua mfuko wa mchele,
nikaanza kuingiza stakabadhi za Ijumaa, karatasi baada ya karatasi,
yake nikaiweka chini kabisa.