Alama ya Tupa

Mwaka ule pampu namba mbili ilipoungua
baba alishika tupa mkono mmoja,
mkono wa pili kobe wa maji
aliyejifungia ndani kama duka siku ya Idi.
Akamtia pengo pembeni mwa gamba, upana wa punje ya mchele,
vile watu wanavyotia alama ndoo zao bombani.
"Haya. Tuone nani atamzika mwenziwe,"
akarudi kwenye grisi.

Hapa Mabayani, Tanga inakonywea,
kazi yake ilikuwa kuandika kina cha bwawa.
Ila kila masika yakinukia, pembezoni mwa ukurasa
kuna neno lisilo la idara ya maji:
Kaja.

Huja usiku, nyuma ya nyumba ya pampu.
Huchimba kwa miguu ya nyuma shimo asiloliona.
Udongo ukikataa, huulainisha kwa maji
aliyoyabeba mwenyewe tumboni toka bwawani.
Nilimhesabia kwa tochi: mayai kumi na saba,
nikapotea, nikaanza tena, kumi na tisa.
Hufukia, hushindilia kwa tumbo,
huyoo, hageuki.

"Mama gani huyo?" aliuliza mama,
aliyezaa tisa, akazika watatu,
na hao watatu bado huwageukia.
Asubuhi kenge kapita:
maganda yamekunjika kama karatasi za ubuyu.

Mwaka mmoja tu niliwaona wakitoka,
mvua imelegeza udongo,
kila mmoja kizibo cha soda chenye miguu.
Mtaalamu aliyekuja kupima tope alitueleza
kuwa joto la shimo ndilo huchagua jike na dume.
Mama akacheka: "Kumbe hata kwao
mambo huamuliwa jikoni."

Sasa kina cha bwawa hupimwa na mashine.
Baba tulimlaza Kange, mwaka wa ukame,
kazi yake nikairithi mimi, Mwanjaa, pamoja na tochi.
Mashine ina nafasi ya tarakimu tu.

Machi hii alipanda mmoja, gamba limeota mwani.
Pembeni, pengo. Limepanuka, au ni jino la mamba,
siwezi kuapa.
Nikamwinua nimpe habari kwamba kashinda.
Akanimwagia uvundo wake wote,
akavuta mlango.

Nilinawa mara tatu.
Kisha ukutani, kwa msumari:
Kaja.